Ubeti wa Karanga

Jumamosi, 5 Julai

Nimerudi kutoka Baraza la Mashairi. Sijapenda. Kuna kitu kinapikwa.

Utaratibu ni ule ule wa Bi Yasmini. Kila Jumamosi alasiri mtu mmoja anaghani shairi lake, kisha mwingine analichambua mbele ya wote. Muda wote wa uchambuzi mtunzi anashika kikombe cha kahawa na kufunga mdomo. Haruhusiwi hata kukohoa kwa hila. Bi Yasmini amefundisha Kiswahili mpaka akastaafu, nusu ya watu wazima wa Tabora aliwahi kuwapigisha magoti, kwa hiyo hakuna anayebisha.

Leo ilikuwa zamu ya Nurdini muuza vitambaa. Shairi la mvua. Mvua, na tupo Julai, vumbi mpaka kwenye kope! Bi Yasmini mwenyewe alichambua, vizuri tu. Aliyenitia wasiwasi ni mgeni, Mwalimu Elieza, aliyehamishiwa hapa mwezi uliopita. Mwembamba, mpole, anaandika kwa penseli. Mtu mzima anayeandika kwa penseli anataka nafasi ya kufuta ushahidi. Aliomba mstari mmoja urudiwe, akafumba macho, akasema ahsante. Nurdini naye akasema ahsante. Nurdini ninayemjua mimi haridhiki kwa mstari mmoja. Walishapatana hawa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwisho wa mwezi tunakwenda Kwihara, kwenye lile tembe la kale la makumbusho, na shairi moja tu la msimu litaghaniwa mbele ya wageni. Litakuwa langu. Nimeshamwambia mke wangu Mwanahawa, nimeshawaambia wateja, nimeshapimwa kanzu mpya. Mtu hawezi kurudi nyuma akishapimwa kanzu. Zamu yangu ni Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 7 Julai

Shairi limekamilika. "Simba wa Unyanyembe." Beti kumi na nne, zote kuhusu mimi. Isipokuwa ubeti wa tano, ambao uliniponyoka asubuhi moja nikiwa na njaa. Nilitaka kuufuta, lakini kumi na tatu si idadi nzuri.

Sasa mpango. Mchambuzi hupatikana kwa kura: majina yamo kwenye birika kuukuu, mtunzi anaingiza mkono na kutoa moja. Hapo ndipo hatari ilipo. Nikimtoa Nurdini nimekwisha. Nikimtoa yule wa penseli, Mungu apishe mbali.

Namtaka Ngollo. Ngollo anauza mkaa mkabala na duka langu la magodoro. Huja barazani kwa ajili ya kashata. Hajui vina wala mizani, lakini sauti anayo. Nimemwandikia uchambuzi mzima wa kunisifu na ameanza kuukariri. Aliuliza neno "fasaha" maana yake nini. Nikamwambia ni mimi.

Nitamtoaje Ngollo bila kuona? Kwa barafu. Karatasi yenye jina lake nitailaza kwenye friji ya jirani muuza soda, nitakwenda nayo ndani ya chupa ya chai yenye barafu, nitaidumbukiza kwenye birika wakati Bi Yasmini anamimina kahawa. Vidole vyangu vitatafuta ubaridi. Mwanahawa aliniona najizoeza kwa kuingiza mkono kwenye sufuria nikiwa nimefumba macho. Hakuuliza. Wanawake wasiouliza wana jambo.

Jumamosi, 12 Julai

Nimehujumiwa.

Kudumbukiza nilidumbukiza, safi kabisa. Niliingiza mkono, nikaupata ubaridi mara moja, nikatoa. Kumbe barafu ilikuwa imeyeyuka. Karatasi ya Ngollo ililowa ikanata na nyingine. Bi Yasmini akazitenganisha kwa kucha. Ile ya Ngollo wino ulikuwa umetapakaa, haikusomeka hata herufi. Iliyonata nayo ilisomeka vizuri sana. Elieza. Bi Yasmini akaninusa mkono, akauliza mbona nimelowa. Nikasema jasho la heshima.

Nikaghani. Sauti ilikuwa juu, mbwa wawili nje walinyamaza. Kisha nikapewa kikombe.

Elieza alisimama na penseli yake. Hakupaza sauti, hakunitukana, na ndiyo maana najua alikuwa amejiandaa. Alisema shairi lina vina kamili na mizani haijatetereka popote, hilo ni kazi na anaiheshimu. Kisha akasema katika beti kumi na tatu mtunzi amepanda juu ya kiti ili aonekane, na msikilizaji anaishia kukitazama kiti. Watu wakacheka. Nurdini alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi kikombe mkononi, mdomo umefungwa kwa mujibu wa sheria.

Halafu akasema kuna ubeti mmoja ambamo mtunzi ameteremka chini, na akaomba ruhusa ausome yeye. Naunukuu hapa kama ushahidi:

*Asubuhi kama ndoto, karanga anakaanga,*
*Hupuliza lile joto, maganda yakajitenga,*
*Hunipa zikiwa moto, kiganjani nikafunga,*
*Sijamwambia asante, na miaka inasonga.*

Mama mmoja wa nyuma alipenga kamasi. Elieza akasema mstari wa mwisho unamfanya mtu atake kwenda nyumbani. Akaketi.

Hakuna aliyesema neno kuhusu simba. Beti kumi na tatu za simba!

Nimefika nyumbani nikalitazama jambo hili pande zote. Kati ya beti zote, kwa nini auchague ule wa mke wangu? Amejuaje kwamba Mwanahawa hukaanga karanga asubuhi? Najua, imeandikwa kwenye shairi. Lakini amejuaje kwamba ni kweli?

Jumapili, 13 Julai

Habari imemfikia Mwanahawa kabla ya adhuhuri. Bi Yasmini alimkuta sokoni kwenye nyanya. Alirudi na kapu, akasimama mlangoni, akaniambia, "Baba Saidi, nasikia nimo kwenye shairi." Nikasema yamo mambo mengi kwenye shairi. Akaniomba nimsomee sehemu yake. Nikasema nina hesabu za magodoro.

Hakukasirika. Hilo ndilo linanisumbua. Mchana wote alikuwa anaimba kwa sauti ya chini akifua, na karanga za leo zilikuwa bakuli zima badala ya kiganja. Tumeoana miaka ishirini na saba, sijawahi kupewa bakuli. Mtu akiongezewa karanga bila sababu ajichunge.

Jioni nikapata nuru. Nilikwenda kwa muuza soda kuchunguza habari za Elieza. Akaniambia mwalimu ametokea Dodoma. Nikauliza Dodoma kabisa? Akasema Dodoma kabisa, hata zabibu alimletea.

Dodoma! Kumbe Mgogo. Mtani wangu! Babu zetu Wanyamwezi walipita Ugogo na mizigo begani kwenda pwani na kurudi, wakagombana nao kwa maji na njia mpaka wakachoka, wakaishia kutaniana. Mpaka leo Mgogo anaweza kunitukana msibani mbele ya maiti na mimi nikacheka. Basi yale yote ya jana yalikuwa utani! Kiti, simba, yote. Uchambuzi wa mtani hauhesabiki. Na ubeti wa karanga aliusifu kwa kunidhihaki. Leo nitalala vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi nikaenda kwa Bi Yasmini. Shikamoo, marahaba, kahawa. Nikamweleza kitaalamu kwamba maneno ya mtani hayawezi kuingia kwenye maamuzi ya Kwihara, yafutwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hakusikia utani, alisikia mtu aliyesoma shairi zaidi ya mara moja. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimelisoma. Bi Yasmini ni mtu wa kwao Elieza, sasa naona. Labda si kwa kabila, kwa penseli.

Basi nikaamua kuuonyesha mji mzima kwamba huyu ni mtani wangu. Njia ni moja na inajulikana. Mtani unamchukulia kitu chake mchana kweupe, unakwenda nacho, naye anakuja kukikomboa kwa soda na kelele. Akija, watu watashuhudia, uchambuzi utakuwa umekufa.

Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa nje ya mgahawa wa chai. Nikaipanda. Nikatangaza kwa sauti, "Mgogo asiyelinda mali yake atatembea kwa miguu mpaka kwao!" Watu wakashangilia. Mzee mmoja alinipigia makofi. Ngollo alikimbia nyuma yangu akidhani sijui breki ziko wapi, na kweli sikujua. Nilisimamishwa na rundo la magodoro yangu mwenyewe. Sijaumia. Godoro la juu nimelipunguza bei.

Baiskeli ipo ndani ya duka. Namsubiri mtani na soda yake.

Jumanne, 15 Julai

Mtani hakuja. Alikuja mwenyekiti wa mtaa.

Alikaa kwenye godoro la maonyesho, akaitazama baiskeli, akaniuliza ya nani. Nikacheka, nikasema ya mtani wangu, Mgogo yule mwalimu. Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Adinani, yule si Mgogo. Dodoma alikuwa kikazi. Yule ni Mpare wa Same."

Makabila yote ya nchi hii, halafu Mpare! Watu ambao kila mzaha niliowahi kusikia juu yao unaishia mahakamani. Na hakuna utani kati yetu, babu zetu hawakupita kule hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo jana mchana, mbele ya mashahidi waliokuwa wakipiga makofi, nimeiba baiskeli. Na nimetangaza kwa sauti.

Nilimuuliza mwenyekiti kama Elieza ameshafungua kesi. Akasema mwalimu aliuliza tu kama kuna mtu ameiona baiskeli, maana alikuwa anakwenda kufundisha Kwihara asubuhi akalazimika kutembea. Aliuliza tu! Ndivyo wanavyoanza.

Mwanahawa amesikia. Alicheka kwanza, akajifunika mdomo na kanga. Kisha akasema nikamwombe radhi kesho, na nivae shati safi. Shati safi kwa ajili ya nani, sikuelewa.

Jumatano, 16 Julai

Nimerudisha baiskeli. Niliiosha, nikaitia mafuta mnyororo, nikafunga kopo la karanga nyuma. Kopo lilikuwa wazo la Mwanahawa na nilikataa mpaka alipolifunga mwenyewe.

Elieza anapanga chumba karibu na njia ya reli. Nikajieleza: utani, Ugogo, babu zangu, njia ya misafara. Alisikiliza kwa makini sana, akaniuliza mambo mawili matatu kuhusu misafara. Akasema hajawahi kuibiwa kwa heshima kiasi kile. Akanikaribisha chai. Nikamuuliza waziwazi kama atanishtaki. Akasema, "Nikushtaki kwa lipi, Bwana Adinani? Mnyororo ulikuwa unalia tangu Dodoma, sasa umenyamaza."

Mpare asiyeshtaki anapanga nini?

Kisha likaja lenyewe. Alitoa daftari, akaniomba ruhusa anakili ubeti wa tano amtumie mke wake Same. Akasema hawajaonana tangu Pasaka, na yeye pia kuna maneno hajawahi kuyasema. Macho yalikuwa yamemlegea kidogo. Nilimpa ruhusa kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe chake na nimezoea kunyamaza nikishika kikombe.

Njiani nikajiuliza. Mke gani? Nani amemwona huyo mke wa Same?

Jumamosi, 19 Julai

Leo baraza limechagua. Mikono iliinuliwa. Hakuna kura za birika, Bi Yasmini alisema birika lina unyevu.

Shairi litakaloghaniwa Kwihara ni langu. Nilisimama kupokea. Nikawa nimeshaanza kusema "Ndugu wageni waalikwa" wakati Bi Yasmini alipomalizia sentensi yake. Ni ubeti wa tano. Peke yake. Nitausoma mara mbili, kwanza kwa kusema, halafu kwa kughani, kisha Mwalimu Elieza ataongoza mjadala mfupi.

Beti kumi na tatu zimeachwa barabarani. Nurdini alikuja kunipa mkono, akasema ametunga miaka thelathini hajapata mstari kama ule wa mwisho. Alisema kwa uso mkavu. Nurdini akisema kitu kwa uso mkavu maana yake anacheka kwa ndani. Ngollo akaniuliza kama bado akariri yale ya fasaha. Nikamwambia atulie.

Picha yote sasa imeungana. Wanataka niende mbele ya wageni, na kanzu mpya, nikatangaze kwamba mimi ni mwanamume wa kulishwa karanga ambaye hajui hata kushukuru. Wageni watarudi makwao wakisema Tabora tuliona mtu mzima analia kwa ajili ya karanga. Huo ndio mpango wao. Mwerevu, nakiri.

Nimekubali kila kitu kwa tabasamu. Sikuwaambia nitakachofanya.

Alhamisi, 24 Julai

Nafanya kazi kwa siri. Ninaandika ubeti mpya wa kuchukua nafasi ya ule, vina vile vile ili hata Bi Yasmini asishtuke mpaka nimemaliza. Nimejifungia stoo, nimelala juu ya magodoro ya futi sita, mwanga mdogo. Umetoka hivi:

*Mimi simba, si mtoto, nikinguruma natunga,*
*Hukauka hata mto, na milima hujipanga,*
*Moyo wangu una moto, maadui nawafunga,*
*Wageni mwambieni, asante kwa kunitunga.*

Mstari wa mwisho mizani zinapungua kidogo na sina hakika unasema nini, lakini neno asante limo, kwa hiyo hawawezi kusema nimelifuta. Milima hatuna hapa, tuna vilima. Vina vilitaka milima.

Nyumbani mambo ni ya ajabu. Mwanahawa amenunua kanga mpya, doti nzima, na amemwita dada yake aje kutoka Urambo. Amesuka nywele. Leo nilimkuta jikoni anazungumza peke yake, na nilipoingia akanyamaza. Nikauliza alikuwa anasema nini. Akasema alikuwa anajaribu kukisia mimi nimesema nini.

"Utasikia Jumamosi," nikamwambia.

"Nimengoja muda mrefu, Baba Saidi. Siku mbili hazinishindi," akasema, akaninyooshea kola.

Kwa nini aninyooshee kola siku ya Alhamisi? Sikuwa nakwenda popote.

Jumamosi, 26 Julai

Kwihara. Naandika kwa ufupi maana mkono umechoka.

Ua wa tembe ulijaa. Wageni viti vya mbele, wanakijiji kando ya ukuta, watoto wa shule ya Elieza wamekaa chini. Mwanahawa na dada yake walipewa viti mstari wa pili, Bi Yasmini ndiye aliyewapangia. Kanga mpya, rangi ya zambarau. Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono mapajani.

Bi Yasmini akanitambulisha. Akasema mtasikia ubeti mmoja ambao umewarudisha watu wengi nyumbani mapema. Wageni wakatabasamu, wakamtazama Mwanahawa. Kumbe walikuwa wameshaambiwa. Yeye akainamisha kichwa, na nilimwona anajizuia kucheka kwa furaha, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wachumba.

Nikaghani simba.

Niseme nini. Sauti ilitoka vizuri. Watoto walifurahi pale kwenye kunguruma. Wageni walipiga makofi ya adabu, yale ya vidole. Mmoja alimwinamia mwenzake, nikasikia anauliza karanga ziko wapi. Elieza alisimama kuongoza mjadala, akafungua daftari, akalifunga. Akasema, "Nadhani leo mtunzi ametuletea shairi jingine," akaketi. Sheria ya kikombe haikutumika maana hapakuwa na cha kuchambua. Ukumbi wa wazi, upepo, watu wanakohoa.

Mwanahawa hakupiga makofi. Alikuwa bado ananitazama, kwa subira, kama mtu anayedhani kuna sehemu ya pili. Nilipoketi ndipo akaelewa kwamba hakuna. Akafungua mkoba, akaufunga. Dada yake akamshika mkono. Nikaona midomo yake inasema neno moja, "Haya."

Mimi nikavuta sinia la sambusa za kijijini, nikala tatu.

Jumatatu, 28 Julai

Nyumbani kimya. Si kimya cha ugomvi, ugomvi ningeujibu. Chakula kipo, maji ya kuoga yapo, shati limepigwa pasi. Asubuhi mezani kulikuwa na chai na mkate. Nikauliza karanga ziko wapi. Akasema msimu umekwisha. Msimu! Gunia zima liko nyuma ya mlango, nimelikanyaga.

Nilimwambia kwamba simba ni bora zaidi kwa mbele za watu, na kwamba ule ubeti mwingine ulikuwa mambo ya ndani. Akasema sawa. Nikamwambia nilifanya hivyo kumlinda, watu wasijue habari zake. Akasema sawa. Nikamwuliza kama Elieza alimwambia jambo lolote pale Kwihara. Hapo akaacha kukunja nguo. Akasema hakuna mtu aliyemwambia chochote, na kwamba hilo ndilo alilokuwa anafikiria.

Sikulala mchana. Nilijaribu kumsomea ule ubeti mwenyewe, nikasimama mlangoni mwa jiko nikiwa na karatasi. Nikafika kwenye "sijamwambia", nikakunja karatasi. Nikamuuliza kama ameona miwani yangu. Ilikuwa usoni.

Lazima kuna mtu amemjaza maneno. Namshuku Bi Yasmini, namshuku dada yake, namshuku Nurdini kwa jumla.

Jumamosi, 2 Agosti

Habari njema kupita kiasi! Nilijua mambo yatanyooka.

Msimu mpya wa baraza umefunguliwa leo. Bi Yasmini amesoma majina ya wachambuzi wapya, na la kwanza kabisa lilikuwa la Mwanahawa. Mke wangu! Alijiandikisha mwenyewe Jumatano, hakuniambia. Alikuwa amekaa mstari wa mbele kando ya Bi Yasmini, kanga ile ile ya zambarau, na penseli mkononi. Bi Yasmini akaeleza kwamba mwanachama mpya huruhusiwa kuchagua shairi la kuanzia. Mwanahawa akasimama. Akasema anaomba "Simba wa Unyanyembe", beti zote kumi na nne, pamoja na ule wa Kwihara.

Nurdini akanitazama kwa huruma, ya wivu bila shaka. Elieza akaweka penseli yake chini. Aone mwenyewe sasa. Baada ya wiki nne nzima za hila, hatimaye nimepata mchambuzi wa upande wangu, na bila barafu.

Maana fikiria. Mke hawezi kumwaibisha mumewe mbele za watu. Na kuomba beti zote kumi na nne ni dalili kwamba ameukubali ukweli kuhusu simba. Yale ya kimya yalikuwa ni mawazo ya mtu anayejiandaa kusifu.

Tulipofika nyumbani nikamwandikia uchambuzi wa kusoma Jumamosi ijayo, ili asihangaike. Kurasa tatu. Nimetumia mengi ya Ngollo, nikabadilisha "rafiki yetu" kuwa "mume wangu mpendwa". Alizipokea kwa mikono miwili kwa adabu yote. Akaniuliza kama nimemaliza kusema. Nikasema nimemaliza.

Akasema vizuri, yeye ndiyo kwanza anaanza.

Nimewaalika wakwe zangu wote, mpaka wa Urambo. Nimewawekea viti vya mbele.